Leicester kushuka daraja 2023: mzigo ni wa Rodgers, msimtwishe Dean Smith

#1 Kipanga wa Temeke
Wakuu salaam. Kila tukimtaja Dean Smith humu kuna mtu anadakia "yule aliyeishusha Leicester". Nakataa. Kocha Brendan Rodgers anaondoka tarehe 2 Aprili 2023 timu iko nafasi ya 19, pointi 25 kwenye mechi 28. Na hapo ana Maddison, Barnes, Tielemans, Ndidi, Iheanacho na Vardy! Smith, kocha aliyeletwa kumalizia msimu, kapewa mechi nane, kaokota pointi tisa. Chukua wastani wa Smith uzidishe kwa mechi 38, unapata karibu 43, unabaki ligi kuu huku unapiga mluzi. Fanya hivyohivyo kwa Rodgers, unapata 34. Leicester walishuka na pointi ngapi? 34. Mwenye hoja alete hoja, matusi abaki nayo.

#2 Mzee wa Pira Safi
Kipanga, kuna mechi mbili umezirukia. Kati ya Rodgers na Smith timu ilishikwa na makocha wa muda, Sadler na Stowell. Wakafungwa na Villa 2-1, wakafungwa na Bournemouth 1-0, zote nyumbani. Bao la Bournemouth ni Maddison alirudisha pasi nyuma bila kuangalia, Billing akaidaka, akafunga. Everton, waliosalimika nafasi moja tu juu ya mstari wa kushuka, walimaliza na 36. Ile ya Bournemouth peke yake ingeshinda, Leicester wana 37 na sisi hatuna uzi hapa. Kocha gani alaumiwe kwa pasi ile?

#3 Dada Ofusaidi
Nawahi siti ya mbele. Leo kutakucha.

#4 Mpemba Mtulivu
Mimi namtetea Rodgers, nipigeni tu. Huyu jamaa aliwafikisha nafasi ya tano mara mbili mfululizo, 2020 na 2021, akawapa Kombe la FA 2021, lile bao la Tielemans dhidi ya Chelsea. Msimu wa 2021/22 nusu fainali ya Conference League, wakatolewa na Roma ya Mourinho. Halafu lije dirisha kubwa la 2022. Fofana kauzwa Chelsea kwa pauni milioni 70 hivi. Schmeichel, nahodha, kaenda Nice. Kaletwa nani? Faes siku ya mwisho ya dirisha, na Smithies, kipa wa akiba, wa bure. Kwisha. Tajiri wao anauza bidhaa zisizotozwa kodi kwenye viwanja vya ndege vya Thailand, na Korona ilifunga viwanja vya ndege. Pesa zilikauka. Kocha atapika nini bila unga?

#5 Karani wa Hesabu
@Mpemba Mtulivu, hapo kwenye "pesa zilikauka" tusidanganyane. Hesabu za klabu za msimu ule zilitangazwa: mishahara karibu pauni milioni 206, mapato 177. Yaani walikuwa wanalipa mishahara kuliko walichoingiza, na hasara ya mwaka ilikuwa karibu milioni 90. Klabu inayolipa namna hiyo haikosi unga. Waliwalipa watu wengi vizuri mno, tena wengine walikuwa wanakaa benchi. Wakashindwa kuwauza kwa sababu hakuna klabu nyingine iliyokuwa tayari kuwalipa vile. Hilo ni la ofisini. Rodgers hakusaini hundi.

#6 Kipanga wa Temeke
Karani, hundi hakusaini lakini wachezaji aliwachagua yeye. Nani aliwataka Vestergaard na Bertrand 2021? Usiniambie ni mhasibu.

#7 Karani wa Hesabu
Jina la mchezaji anaweza kulitaja kocha. Anayekubali bei, mshahara na urefu wa mkataba ni mwingine. Ndiyo maana mashabiki walikuwa wanampigia kelele mkurugenzi wao wa soka, Jon Rudkin, kwa miaka.

#8 Mama Wawili
Mnasahau mikataba. Tielemans, Söyüncü, Evans, Amartey na Mendy wote mikataba ilikuwa inaisha Juni 2023. Timu inapigania kubaki, nusu ya chumba cha kubadilishia nguo kinajua mwezi wa saba kitakuwa kwingine. Tielemans akaenda Villa bure, Söyüncü akaenda Atlético bure.
Mimi nimewahi kufanya kazi sehemu ambayo mkataba ulikuwa unaisha mwezi wa sita na bosi haongei chochote. Kuanzia Machi watu wanakuja kazini, wanasaini kitabu, wanafungua kompyuta, halafu wanatafuta kazi kwingine kwa intaneti ya ofisi. Hakuna aliyegoma, kila mtu yupo kwenye kiti chake. Lakini kazi haiendi. Nikiwaangalia Leicester ya mwezi wa tatu nawaona wale wenzangu kabisa.

#9 Jogoo wa Shamba
Mnazunguka. Kipa! Miaka 11 una Schmeichel, ghafla una Danny Ward. Mechi saba za mwanzo pointi moja. Tano kwa mbili Brighton, sita kwa mbili Tottenham, Son katokea benchi kafunga matatu. Kona ikipigwa Ward anaganda kwenye mstari. Kipa anayetoka langoni angewapa pointi tano au sita zaidi na wasingeshuka.

#10 Mzee wa Pira Safi
Jogoo, Machi 2023 kule Southampton ni nani aliyedaka penalti ya Ward-Prowse? Danny Ward. Wakafungwa 1-0 hivyohivyo, bao la Alcaraz. Na Anfield tarehe 30 Disemba Leicester walitangulia kwa bao la Dewsbury-Hall, wakafungwa 2-1 bila Liverpool kufunga hata moja. Mawili yote kajifunga Faes. Hapo utasema kipa, au utasema kocha alimwagiza?

#11 Dada Ofusaidi
Faes na zile nywele zake, mfungaji bora wa Liverpool usiku ule 😂😂

#12 Jogoo wa Shamba
Mbona Rodgers mwenyewe alimweka kipa Iversen langoni mwezi Machi? Kama Ward hakuwa tatizo angemuacha.

#13 Mswahili wa Belgrave
Salaam kutoka Leicester penyewe. Nasoma uzi huu nacheka, maana mabishano haya nayasikia kila siku kwenye duka la chai hapa Belgrave Road, na mengine ni kwa Kiswahili vilevile. Wazee wengi waliotoka Kampala 1972 alipowafukuza Amin wamekaa mji huu, na wa Nairobi na Dar wapo. Halmashauri ya mji ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda la kuwaambia wasije huku. Wakaja. Sasa ndio wanaogombana kuhusu Rodgers.
Hapa mtaani lawama zimegawanyika kwa umri. Wazee hawamgusi tajiri. Baba yake, Vichai, alifariki Oktoba 2018 helikopta ilipoanguka nje ya uwanja baada ya mechi, na mwanawe Top alirithi klabu akiwa bado kijana. Mzee atakwambia: kocha, wachezaji, refa, mvua, lakini familia ile usiiguse. Vijana ndio wanaoshika mabango.
Mimi nilikuwepo siku ya mechi na Crystal Palace? Hapana, ilikuwa London, niliangalia kwenye TV. Mateta kafunga dakika za nyongeza, ikawa 2-1, kesho yake Rodgers hayupo.

#14 Kipanga wa Temeke
"Kesho yake hayupo". Hilo ndilo tatizo lao la pili. Toka waipige Tottenham 4-1 mwezi Februari, mechi sita za ligi pointi moja, katikati wakatolewa FA na Blackburn nyumbani. Wanasubiri mpaka Aprili! Kumwita Dean Smith zikiwa zimebaki mechi nane ni kumwita fundi wa paa mvua ikishaingia mpaka kitandani.

#15 Mzee wa Pira Safi
Kipanga sasa umehama. Bandiko la kwanza mzigo ulikuwa wa Rodgers, sasa ni wa waliochelewa kumtimua. Chagua.

#16 Kipanga wa Temeke
Mzigo mmoja unabebwa na watu wawili, mzee wangu. Hujawahi kuhama nyumba?

#17 Kocha Mstaafu Moro
Nimesoma yote, sasa na mimi niseme kidogo kwa sababu nimekaa kwenye kiti hicho, japo chini kabisa. Niliwahi kufundisha timu ya madaraja ya chini mkoani Morogoro. Jina niliache. Tulishuka, na mimi ndiye niliyepigiwa simu na redio ya mkoa nieleze sababu.
Nilichoshindwa kusema redioni ni hiki. Posho ilikuwa haijatoka kwa muda mrefu. Mechi ya ugenini tunaondoka asubuhi ya siku ya mechi kwa Coaster, tunafika saa nane, mechi saa kumi. Wachezaji wanakula mkate na soda ndani ya gari. Beki wangu wa kati bora alikuwa bodaboda, siku yenye abiria wengi haji mazoezini, na siwezi kumkalipia kwa sababu najua ana watoto. Sasa mimi hapo ninapanga mfumo gani? Nilibadilisha kutoka mabeki wanne kwenda watatu kwa sababu nilikuwa na mabeki watatu tu.
Lakini nitawaambia na upande wa pili. Kipindi hichohicho kulikuwa na timu ina shida kama zetu na haikushuka. Kocha wao aliacha mambo ya pasi nyingi, akawa anafundisha kona na faulo tu, wiki nzima. Wakashinda 1-0, 1-0, sare, 1-0. Mimi nilitaka tucheze mpira mzuri. Kwa hiyo tajiri alinipa njaa, ila namna ya kucheza na njaa ile niliichagua mwenyewe.
Nikimwangalia Rodgers naona kitu kama hicho. Leicester walifunga mabao 51 msimu ule. Everton walifunga 34 na wakabaki! Leicester wakaruhusu 68. Timu yenye Barnes wa mabao 13 na Maddison wa mabao 10 haishuki kwa kukosa vipaji. Inashuka kwa sababu hakuna siku iliyokubali kuzuia tu basi.

#18 Mpemba Mtulivu
Kocha, maneno mazito. Ahsante. Ila siku waliyokubali kuzuia ilikuwepo: St James' Park kwa Newcastle, mechi ya 37, 0-0. Dean Smith aliwaweka benchi Maddison na Barnes, akajaza mabeki. Ndiyo mechi yao ya kwanza ya ligi bila kuruhusu bao tangu Novemba. Dakika za mwisho kabisa Castagne kapata mpira kwenye boksi, kapiga, kipa Pope kadaka. Ule ukiingia, Leicester anafika 33 sawa na Everton, na tofauti ya mabao ni nzuri kuliko ya Everton. Wiki iliyofuata wote wameshinda, kwa hiyo Everton ndiye angeshuka.
Sasa, Kipanga, huyo mteja wako Smith aliyewaweka benchi wafungaji wake wawili kwenye mechi aliyohitaji ushindi, tumfanyeje?

#19 Kipanga wa Temeke
Wiki mbili kabla alishambulia kwa Fulham, akapigwa 5-3. Mlitaka arudie?

#20 Karani wa Hesabu
Kama ni kutafuta sekunde moja, ipo kabla ya ile ya Castagne. Leicester na Everton, tarehe 1 Mei, Leicester anaongoza 2-1, mapumziko yanakaribia, penalti. Maddison anapiga katikati. Pickford hakusogea, kadaka. Baadaye kamera zikaonyesha chupa yake ya maji imeandikwa kwamba kwa Maddison abaki katikati. Iwobi akasawazisha, 2-2. Leicester akishinda ile, mwisho wa msimu ni 36 kwa 35. Aliyeandika ile chupa ndiye aliyeishusha Leicester kuliko Rodgers na Smith wakijumlishwa.

#21 Dada Ofusaidi
Karani leo umekuwa mshairi. Chupa ya maji!

#22 Otieno Mtazamaji
Wakuu wa Bongo, hamjambo. Kenya hapa. Mnaongea kama Leicester ilishuka mara moja. Ilishuka tena 2025, na hiyo ndiyo inanichanganya. Steve Cooper huyohuyo alikuwa Nottingham Forest ile 2023. Walipokuwa wanapigwa mfululizo Forest hawakumfuta, wakampa mkataba mpya, wakabaki na pointi 38. Leicester wakamchukua 2024, wakamfuta Novemba timu ikiwa nafasi ya 16. Nafasi ya 16, bana! Pointi 10 kwa mechi 12. Van Nistelrooy akaja, pointi 15 kwa mechi 25, wakakaa mechi nyingi nyumbani bila kufunga hata bao moja, wakashuka Aprili walipofungwa na Liverpool.

#23 Mzee wa Pira Safi
Otieno umenifungulia mlango. Hebu tuitazame Leicester peke yake, klabu ileile, uwanja uleule.
2015: wako mkiani miezi zaidi ya minne, Nigel Pearson hatimuliwi, wanashinda mechi saba kati ya tisa za mwisho, wanabaki. Mwaka unaofuata ni mabingwa.
2017: Ranieri, bingwa wa miezi tisa iliyopita, anatimuliwa Februari timu ikiwa nafasi ya 17. Dunia nzima inalia. Shakespeare anashika, wanamaliza wa 12.
2023: wanamvumilia Rodgers mpaka Aprili, wanashuka.
2024: wanamtimua Cooper mapema, wanashuka.
Ukimvumilia unabaki, ukimvumilia unashuka. Ukimtimua unabaki, ukimtimua unashuka. Sasa aje mtu anionyeshe kocha yuko wapi kwenye hesabu hiyo. Mimi naona kikosi. 2015 na 2017 walikuwa na Kanté au Mahrez au Vardy mbichi. 2025 hawakuwa na mtu.

#24 Jogoo wa Shamba
Kanté 2015? Kanté alikuja kiangazi cha 2015 ligi ikiwa imeisha, na 2017 alikuwa Chelsea anabeba ubingwa. Miaka yote miwili uliyoitaja hakuwepo!

#25 Mzee wa Pira Safi
Ndiyo maana nimeandika "au". Soma na viunganishi.

#26 Dada Ofusaidi
😂😂😂 mzee kaponea kwenye "au".

#27 Mnyamwezi wa Mbali
Dean Smith muacheni jamani, ndiye aliyempeleka Mbwana Samatta Aston Villa Januari 2020. Mtanzania wa kwanza kucheza EPL, kafunga mpaka Wembley fainali ya Kombe la Ligi, tukabeba kombe.

#28 Mpemba Mtulivu
Kombe gani mlibeba? Fainali ile Villa walifungwa na Manchester City 2-1. Bao la Samatta la kichwa ni kweli, kombe hapana.

#29 Mnyamwezi wa Mbali
Kwetu Tabora lile bao lilikuwa ndilo kombe.

#30 Karani wa Hesabu
Ila umetaja jambo linalohusu uzi. Msimu ule Smith aliibakisha Villa kwa pointi moja: Villa 35, Bournemouth 34, Watford 34. Na Juni 2020 Villa walitoka 0-0 na Sheffield United, kipa Nyland kaubeba mpira mpaka ndani ya goli, mashine ya kuonyesha bao haikulia. Wenye mashine waliomba radhi. Bao lingehesabiwa na matokeo yakabaki hivyo, Villa 34, na kwa tofauti ya mabao Bournemouth anabaki, Villa anashuka. Leo tungekuwa tunasema Smith ni kocha wa kushusha timu tangu 2020, na Eddie Howe ni mkombozi. Howe alishuka, akaondoka Bournemouth kwa unyonge. Mwaka 2025 kaipa Newcastle kombe la kwanza la nyumbani baada ya miaka 70.

#31 Otieno Mtazamaji
Na Kompany? Burnley 2024, nafasi ya 19, pointi 24. Kila mtu anasema ni mkaidi, anapasia nyuma mpaka anafungwa. Wiki chache baadaye yuko Bayern Munich, na mwaka uliofuata ni bingwa wa Bundesliga. Kushuka hakukuwa na maana yoyote kwa waliomwajiri.

#32 Kocha Mstaafu Moro
Huku kwetu ukishuka huchukuliwi na Bayern, Otieno. Simu inanyamaza.

#33 Jogoo wa Shamba
Kwetu hata Mtibwa Sugar ilishuka 2024, bingwa wa 1999 na 2000 yule! Na wala sikusikia ubishi mrefu kuhusu kocha. Watu walizungumzia kiwanda, pesa, na vijana wanaouzwa kila msimu kwenda timu za Kariakoo.

#34 Mama Wawili
Tumerudi kwenye mikataba, kama nilivyosema #8. Ahsante Jogoo.

#35 Shabiki wa Toffee
Nimechelewa. Naona jina la Everton linatajwa vibaya. Tulimtimua Lampard Januari, tukamchukua Sean Dyche, tukabaki kwa bao la Doucouré dhidi ya Bournemouth siku ya mwisho. Leicester na wao wangeamua Januari. Mjadala umefungwa.

#36 Mpemba Mtulivu
Toffee, na pointi mlizokatwa je? Mlivunja kanuni za matumizi, mlipaswa kukatwa pointi msimu uleule na mngeshuka nyinyi.

#37 Karani wa Hesabu
Kwa usahihi: Everton walikatwa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa kuwa sita Februari 2024. Zilikatwa kwenye msimu wa 2023/24, lakini kosa lilihusu hesabu zilizoishia 2021/22. Kwa hiyo hasira ya Leicester ina msingi. Ila Leicester wenyewe walishtakiwa kwa kanuni hizohizo, wakapona Septemba 2024 kwenye rufaa kwa hoja ya mamlaka, kwamba hesabu zilifungwa wakati tayari wameshatoka ligi kuu. Kushuka ndiko kulikowaokoa.

#38 Shabiki wa Toffee
Kwa hiyo wote wezi, twendeni.

#39 Mswahili wa Belgrave
Mimi niongeze lingine linalosemwa hapa mjini: raha. Uwanja wa mazoezi wa Seagrave ulifunguliwa Disemba 2020, umegharimu kama pauni milioni 100. Ndani kuna mpaka kiwanja cha gofu cha mashimo tisa. Kuna watu hapa wanaapa kwamba timu ililegea ilipohamia kule.

#40 Dada Ofusaidi
Gofu?? Halafu mnamlaumu Rodgers?

#41 Kipanga wa Temeke
Wa kipindi cha nani huo uwanja? Wa Rodgers. Naongeza kwenye faili.

#42 Mswahili wa Belgrave
Ulikuwa mpango wa marehemu Vichai, Rodgers hajafika. Na msimu wa kwanza baada ya kuhamia pale walibeba FA.

#43 Otieno Mtazamaji
Swali langu ni moja, na sijaona mtu akiligusa. Vardy. Msimu ule wa 2023 mechi 37 za ligi, mabao matatu, miaka 36. Iheanacho na Daka wako benchi. Nani alikuwa anampanga, na kwa nini?

#44 Mswahili wa Belgrave
Otieno, hapa mjini swali hilo haliulizwi kwa sauti.

#45 Jogoo wa Shamba
Daka, jirani yetu wa Zambia! Mabao manne kwa mechi moja dhidi ya Spartak Moscow 2021, halafu anakaa benchi. Huo ni uzi mwingine, naenda kuufungua sasa hivi.